Mtoto akinyamaza darasani hajagoma: Somo kutoka siku ya kwanza ya mwalimu mgeni Japani

Ni saa 4:45 asubuhi, darasa la tano, katika shule ya msingi ya mji mdogo nchini Japani. Mwanafunzi wa zamu anatoa amri, wenzake zaidi ya 30 wanasimama, wanainamisha vichwa kwa heshima, kisha wanakaa. Mbele yao yupo mwalimu mpya wa Kiingereza, binti wa miaka 24 kutoka Durban, Afrika Kusini.

Amejiandaa kwa wiki nzima. Ana kurasa tano za maelezo, ramani ya Afrika, picha za ufukwe wa kwao na picha ya bibi yake akiwa jikoni. Anaanza kwa kicheko, anasalimia, anasema jina lake na anauliza: "Mnaendeleaje leo?"

Kimya.

Anauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi. Watoto wanamtazama, wengine wanatazama meza. Anaamua kuendelea. Anazungumza haraka, anaonyesha picha moja baada ya nyingine na kuchekesha, lakini hakuna anayecheka. Dakika kumi zikipita, koo limemkauka na jasho linamtiririka mgongoni. Moyoni anajiambia: hawanipendi, au Kiingereza hawakijui kabisa.

Mwalimu huyu tumtumie kama mfano. Siku kama yake huwapata vijana wengi kila mwaka, kwa sababu Japani ina mpango maalumu wa kuajiri vijana wenye shahada kutoka nje ili wasaidie kufundisha lugha katika shule zake. Mpango huo unaitwa JET na ulianza mwaka 1987. Mkataba ni wa mwaka mmoja, na unaweza kuongezwa hadi kufikia miaka mitano. Wengi hufika miezi ya Julai na Agosti, watoto wakiwa likizo ya kiangazi, na siku ya kwanza darasani huwakuta muhula wa pili unapoanza, joto likiwa bado kali.

Kwa mzazi anayesoma ukurasa huu akiwa Mwanza, Tanga au Nakuru, siku hiyo ina jambo la kumfaa. Hapa kwetu pia wapo watoto wanaokaa kimya mbele ya Kiingereza, na wazazi na walimu wengi huutafsiri ukimya huo vibaya, kama alivyofanya mwalimu huyu.

Mgeni asiyejua pa kuweka viatu

Kabla ya kipindi hicho, mwalimu mwenyewe alikuwa ameshakuwa mwanafunzi kwa saa tatu.

Alifika saa 1:45 asubuhi na kuvuka kizingiti akiwa na viatu vyake vya mtaani. Mlangoni mwa shule za Japani kuna kabati za viatu, na kila mtu, mkubwa kwa mdogo, huvua vya nje na kuvaa vya ndani. Aliambiwa tangu awali aje na viatu vya ndani, akasahau. Akapewa ndara za wageni, ndogo kuliko mguu wake, na moja ikamvuka akipanda ngazi mbele ya watoto wa darasa la pili. Wakacheka. Hakujua aseme nini kwa lugha yao, akatabasamu tu.

Katika chumba cha walimu kulikuwa na kikao kifupi cha asubuhi. Walimu wote waliongea Kijapani. Alisikia jina lake likitajwa, akasimama, akainama, akakaa. Hakuelewa kingine chochote. Mwalimu wa jirani alimuuliza jambo, naye akatikisa kichwa kukubali bila kujua amekubali nini.

Mtu mzima, mwenye digrii, aliyefaulu usaili, alikaa kimya kwa saa tatu. Hakuwa mjinga wala mkaidi. Alikuwa anasikiliza, anatazama wenzake wanafanya nini, na anaogopa kukosea mbele ya watu.

Ndivyo walivyokuwa watoto wale walipokutana naye.

Kinachotokea mwilini

Mtu anapohofia kuaibika mbele ya wenzake, mwili hauulizi kama hatari ni simba au ni swali la mwalimu. Homoni ya adrenalini hupanda. Moyo huenda mbio, mate hupungua, mdomo hukauka na viganja hutoka jasho. Damu nyingi hupelekwa kwenye misuli, na kazi ya tumbo kusaga chakula hupungua. Ndiyo maana wapo watoto wanaosikia tumbo likisokota asubuhi ya mtihani, na maumivu hayo ni ya kweli. Mtoto haigizi.

Hofu pia hula nafasi ya kufikiri. Anayetakiwa kujibu kwa lugha ngeni ana kazi nyingi kwa wakati mmoja: kusikia swali, kulitafsiri kichwani, kutafuta jibu, kulitafutia maneno, kuyapanga, kisha kuyatamka. Akiongezewa wasiwasi wa kuchekwa, hushindwa hata lile alilolijua jana.

Mtaalamu wa lugha wa Marekani, Stephen Krashen, alilieleza jambo hili katika miaka ya 1980 kwa mfano wa chujio. Mtoto akiwa na hofu, alisema, chujio hupanda na lugha anayoisikia haipenyi ndani vizuri. Akitulia, chujio hushuka. Krashen alieleza pia kwamba wengi wanaoanza lugha mpya hupitia kipindi cha ukimya, ambapo wanasikiliza na kuelewa zaidi ya wanavyoweza kusema. Mzazi anaifahamu hali hiyo: mtoto mchanga huelewa "njoo" na "acha" miezi mingi kabla hajaweza kuyatamka.

Sekunde moja haitoshi

Turudi darasani. Mwalimu wa darasa, mama wa makamo ambaye ndiye mwenye kipindi, alikuwa amekaa pembeni. Alipoona mgeni wake anahema, alisimama, akaandika ubaoni maswali matatu mafupi na kuwaambia watoto wazungumze na jirani kwa dakika moja. Kisha akamwashiria mgeni kwa kiganja: subiri.

Kusubiri kulimpa mgeni shida. Kila akiuliza, sekunde moja ikipita bila jibu, alijaza pengo kwa maneno yake mwenyewe.

Walimu wengi hufanya hivyo. Katika miaka ya 1970, mtafiti wa Marekani aitwaye Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali. Alikuta kwamba kwa kawaida ni kama sekunde moja tu. Walipofundishwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, na hata wale ambao hawakuwa na mazoea ya kujibu walianza kujibu. Na hao walikuwa wanafunzi wanaosoma kwa lugha waliyoizoea. Kwa lugha ngeni, muda unaohitajika ni mkubwa zaidi.

Dakika moja ilipoisha mkono wa kwanza ulinyooshwa, wa pili ukafuata. Unapenda mbwa? Unapenda wali? Afrika Kusini kuna theluji? Hayakuwa maswali makubwa, lakini yalikuwa yao. Alipojibu kwamba milima ya Drakensberg hupata theluji wakati wa baridi, darasa zima lilishangaa kwa sauti.

Mvulana wa dirishani

Mmoja hakunyoosha mkono. Mvulana huyo, anayekaa karibu na dirisha, hakuwapo hata kipindi kilipoanza. Dakika chache kabla, aliomba ruhusa ya kwenda chumba cha afya akisema tumbo linamuuma.

Shule za Japani zina chumba hicho na mwalimu maalumu wa afya, aliyesomea kazi hiyo. Hutibu magoti yaliyochubuka, husimamia upimaji wa urefu na uzito, na husikiliza. Wapo watoto ambao wakilemewa na darasa, huruhusiwa kufika shuleni na kukaa chumba cha afya mpaka wapate nguvu ya kurudi kwa wenzao.

Mwalimu wa afya alimpima joto, hakuwa na homa. Aliuliza amekula nini asubuhi, kama ametapika na kama maumivu huwa yanakuja wikiendi pia. Hakumwambia anajifanya. Alimpa maji, akamwacha akae dakika kumi, kisha akamsindikiza hadi mlangoni. Mvulana akaingia na kukaa kimya mpaka kengele.

Mchana ulipofika, ikawa zamu ya chakula. Japani ina sheria ya chakula cha shule tangu mwaka 1954, na katika shule nyingi za msingi watoto wenyewe hupakua, wamevaa aproni nyeupe, kofia na barakoa. Wote hula chakula kimoja, darasani, pamoja na mwalimu: wali, samaki, supu na pakiti ya maziwa. Mgeni aliwekwa kwenye kundi la yule mvulana. Hawakuongea. Vijiti vya kulia vilipomshinda na kipande cha samaki kikaanguka mezani, mvulana alimtazama haraka, kisha akatazama sahani yake.

Baada ya mapumziko kukaja usafi. Watoto hufagia na kufuta madarasa na korido wenyewe. Mgeni alichukua tambara, akalichovya kwenye ndoo na kuanza kufuta sakafu, maji yakitiririka kila upande. Yule mvulana alisimama. Alichukua tambara lake mwenyewe, akalikamua kwa kulisokota taratibu ili mgeni aone, akamwonyesha tena. Kisha akalinyanyua na kusema jina lake kwa Kijapani: "Zokin."

"Zoki," alisema mwalimu.

Mvulana akatikisa kichwa. "Zo-o-kin."

Alirudia mara tatu mpaka akapata. Mvulana alicheka, mara ya kwanza siku hiyo. Halafu, kwa sauti ya chini, akanyoosha kidole kwenye lile tambara na kuuliza, "Eigo?" yaani, kwa Kiingereza?

Mwalimu akamwambia. Mvulana akarudia neno kwa matamshi ya Kijapani, akaliongezea irabu mwishoni: "Kurosu."

Hakumsahihisha. Hakuna mtu aliyekuwa anawatazama wakati huo, na pengine ndiyo sababu neno lilitoka.

Nani anamcheka nani?

Hiyo irabu ya mwishoni isimchekeshe mtu wa Afrika Mashariki. Wajapani huita basi "basu" na hoteli "hoteru". Sisi tunasema basi na hoteli. Wazulu, watu wa lugha ya huyo mwalimu, huita basi "ibhasi". Lugha zetu hupenda neno liishie kwa irabu, na mdomo uliokulia humo hulivuta kila neno geni upande huo. Matamshi ya mtoto yanaonyesha kwamba lugha yake ya kwanza imekomaa. Hayapimi akili.

Mwalimu huyo aliyajua hayo kwa mwili wake. Katika shule nyingi za Afrika Kusini ambako watoto huanza kusoma kwa lugha ya nyumbani, kwa muda mrefu utaratibu umekuwa kwamba wakifika darasa la nne masomo hugeuka kuwa ya Kiingereza. Yeye alikaa karibu muhula mzima bila kunyoosha mkono. Ripoti yake iliandikwa kwamba ni mzito wa kuelewa. Jikoni kwa bibi yake, wakati huohuo, alikuwa msimulizi wa hadithi kwa wadogo zake.

Hapa nyumbani daraja hilo lipo pia. Nchini Tanzania, mtoto aliyesoma shule ya msingi ya Serikali kwa Kiswahili hukutana na Kiingereza cha kufundishia masomo karibu yote anapoingia kidato cha kwanza. Kenya, sera ni lugha ya eneo au Kiswahili katika madarasa matatu ya mwanzo, kisha Kiingereza. Wengine huhamishwa ghafla kutoka shule ya kawaida kwenda ya mchepuo wa Kiingereza, ada imelipwa, na nyumbani wanasubiriwa "waanze kumwaga". Zipo shule ambako mtoto anayekutwa akiongea Kiswahili huvishwa kibao shingoni. Anachojifunza haraka mtoto huyo ni kufunga mdomo.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, mpe muda. Ukimuuliza swali kwa Kiingereza, hesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla hujasema lingine. Usimjibie, na usiwaruhusu kaka au dada zake wamjibie.

Pili, acha kumtangaza mbele ya wageni. "Hebu msalimie anko kwa Kiingereza tusikie" ni mtihani wa hadhara ambao mtoto hakuuomba. Anayejaribu maneno mapya huyajaribu kwanza pembeni: akioga, akicheza na mdoli, akimfundisha mdogo wake.

Tatu, usisahihishe kila kosa. Akisema neno vibaya, lirudie wewe kwa usahihi ndani ya jibu lako na uendelee na mazungumzo. Atasikia.

Nne, geuzeni zamu. Mwambie akufundishe alichojifunza leo, nawe ukubali kukosea. Mvulana wa dirishani alifunguka pale alipokuwa mwalimu.

Tano, usiache kuongea naye lugha ya nyumbani. Mtoto mwenye maneno mengi kwa Kiswahili, Kisukuma au Kikamba ana mahali pa kuyashikiza maneno mapya. Kujua lugha mbili hakumchanganyi akili.

Sita, chukulia maumivu ya tumbo kwa uzito, na uchunguze. Yakija asubuhi za shule na kupotea Jumamosi, muulize kwa upole kuhusu darasa: nani anamcheka, kipindi gani anakiogopa, mwalimu humfanya nini akikosea. Lakini kama kuna homa, kutapika, kuharisha, damu kwenye choo, kupungua uzito au maumivu yanayomwamsha usiku, mpeleke kituo cha afya. Usiseme ni hofu tu.

Saba, jua ukimya unaohitaji msaada. Mtoto anayezungumza vizuri nyumbani lakini hasemi kabisa shuleni kwa zaidi ya mwezi mmoja, bila kuhesabu mwezi wa kwanza wa shule mpya, na hata kwa lugha anayoijua, anahitaji kuonwa na mtaalamu. Hiyo ni hali inayotambuliwa kitabibu na inatibika, na haitokani na kiburi. Vilevile, mtoto asiyeitika hata akiitwa kwa lugha ya nyumbani, anayeongeza sauti ya televisheni kila mara au anayekutazama sana mdomoni unapoongea, apimwe masikio kabla hajaitwa mvivu.

Kwa walimu, lipo jambo la ziada. Kazi yao ni miongoni mwa zile zinazoumiza sauti zaidi. Kujaza ukimya kwa kupaza sauti hukausha nyuzi za sauti na huleta ukwama wa koo. Kunywa maji, kusogea karibu na watoto badala ya kupiga kelele kutoka ubaoni, na kuwaachia nafasi waongee, huliokoa koo la mwalimu na kumsaidia mwanafunzi. Sauti ikikwama kwa zaidi ya wiki tatu, mwalimu amwone daktari.

Jioni ya siku hiyo

Saa 10:30 jioni, mwalimu alivaa viatu vyake vya nje na kutoka. Durban ilikuwa saa 3:30 asubuhi. Alimpigia mama yake.

"Wamekuelewa?" aliuliza mama.

"Sijui, Mama. Wengi walinyamaza."

"Hata wewe ulikuwa unanyamaza. Umekula?"

"Nimekula."

"Haya. Kesho je?"

Kesho hakuwa na darasa la tano. Tangu mwaka 2020 Kiingereza ni somo kamili kwa darasa la tano na la sita nchini Japani, vipindi 70 kwa mwaka, sawa na viwili hivi kwa wiki. Alikuwa na siku mbili za kujiandaa. Usiku huo alitoa zile kurasa tano za maelezo, akachana nne. Kwenye uliobaki aliandika maswali matatu, na chini ya kila swali akaacha mistari mitupu. Kisha akaweka viatu vya ndani kwenye begi.